"Sikujua" Haitoshi

Paka wangu alipoanza kutokwa na mate nilidhani kala chura. Ilikuwa usiku, nyumbani Kibaha. Alikuwa anatikisa kichwa na kujikwangua mdomo kwa mguu wa mbele, na kila nikimsogelea anarudi uvunguni mwa kochi. Kwenye meza ndogo kulikuwa na mmea niliounua wiki ileile kwenye kitalu kimoja cha maua kando ya Barabara ya Morogoro, shilingi 25,000 pamoja na chungu chake. Jani moja lilikuwa na alama za meno.

Alipona. Daktari wa mifugo niliyempigia simu alinielekeza nimsafishe mdomo kwa maji, kisha nimwangalie asije akavimba koo. Kesho yake jioni alikula dagaa. Lakini kuna neno nililolisema usiku ule kwa mke wangu, kwa daktari, hata kwa paka mwenyewe: "Sikujua." Hilo neno limenikaa.

Mmea wenyewe wauzaji wanauita ZZ, kifupi cha jina la kitaalamu Zamioculcas zamiifolia. Si mgeni. Asili yake ni mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya mpaka Afrika Kusini, pwani yetu ikiwamo. Waholanzi wakaanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, na leo tunauona sebuleni kama pambo la kisasa. Ndani yake una fuwele ndogo mno za kalsiamu oksaleti, zenye ncha kama sindano. Anayeutafuna huungua mdomo na koo. Ni nadra kuua. Ua la lili, lile la kwenye mashada ya harusi, ndilo baya kuliko yote: paka akilamba tu chavua iliyomwangukia manyoyani, figo zake zinaweza kufa ndani ya siku chache.

Jumapili nikaenda Kisarawe kumsalimia bibi. Nilimkuta anamenya magimbi. Nikampa shikamoo, nikamsimulia yote, nikamalizia na lile neno langu.

"Sasa mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu utoto, "gimbi bichi linawasha, hilo nalo hulijui?"

Nalijua. Nani wa Pwani asiyelijua? Kumbe gimbi na ZZ ni ukoo mmoja, na kinachowasha ni fuwele zilezile. Ndiyo maana gimbi lazima lichemke mpaka liive kabisa. Kwa hiyo maarifa yalikuwepo jikoni kwa bibi siku zote. Ukweli wa "sikujua" yangu ulikuwa "sikuuliza". Bei niliuliza, tena nikaomba nipunguziwe.

Utaniambia, jamani, nani anaweza kuuliza kila kitu? Hoja nzuri. Na ushahidi wake ulikuwa umelala pale pale kivulini: paka wa bibi, mzee, sikio moja limepasuka. Uzio wa bibi ni minyaa, na utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni balaa. Hakuna aliyewahi kumfundisha paka yule mimea. Mbona yuko salama?

Kwa sababu ana pa kwenda. Akitaka majani anachagua nyasi. Akinusa kitu kikali anaondoka. Wangu mimi anaishi juu ya vigae, na katika dunia yake yote kulikuwa na kijani kimoja tu. Nusu ya sumu ilikuwa kwenye jani. Nusu nyingine ilikuwa kwenye mlango niliofunga.

Wengi wetu tulikua tukisikia ile hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Utotoni niliisikia kama hadithi ya njaa. Leo naona uzito uko pengine: alimfungia, basi akabeba mzigo wote wa kumlisha, kisha akautupa. Angemwachia, paka angejitafutia mwenyewe. Wahenga nao walisema paka wa nyumba haingwa. Hawakusema kama anaruhusiwa kufungiwa.

Mimi nilimfungia kwa mapenzi. Nje kuna malori, na kuna majirani wanaotega sumu ya panya. Sijutii. Ila siku nilipofunga mlango nilimnyang'anya paka kazi ya pua yake, nikajipa mimi. Kuanzia hapo kujua kulikuwa wajibu wangu.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams alitoa mfano wa dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lake. Sote tutamwambia "si wewe", na tutakuwa sahihi. Lakini akikubali haraka mno, tutamtilia shaka. Mimi nilikubali kabla hata sijaambiwa. "Sikujua" ilinitoka kama mtu anayeonyesha kitambulisho getini ili apite.

ZZ nimempelekea bibi. Ameupanda nje, chini ya mwembe, kuku wanaupita tu. Kwangu nimeotesha nyasi kwenye beseni, na paka anazitafuna asubuhi, kisha anapanda dirishani kutazama nje. Anatazama kwa muda mrefu. Nimeshajifunza majina ya mimea. Hilo la dirisha bado sijapata jibu lake, na wewe msomaji mwenye paka ndani, ningependa kusikia lako.