Mshale Haunyooshwi Ukiwa Baridi

Zaburi ya 127 inawalinganisha watoto na mishale mkononi mwa shujaa. Sisi wa Homa Bay tulirithi mkuki; habari za mishale tuwaulize jirani zetu Wakuria kule Migori. Kijiti cha mshale hakitoki porini kikiwa kimenyooka. Fundi hukipasha moto taratibu, hukikunja kwa vidole, hufumba jicho moja akakitazama kwa urefu, kisha hukirudisha motoni. Akikikunja kikiwa baridi, kinavunjika. Akikiunguza, kimeharibika. Na manyoya ya nyuma yasipokaa sawa mshale utayumba tu, hapo usiulaumu mshale!

Sasa wewe mzazi, kijana amekimbilia migodi ya dhahabu Macalder, nawe umetangaza mbele za watu asirudi kwako. Ulimkunja baridi, ndugu yangu. Ulimfokea, hukukaa naye. Soma 2 Wafalme 13:14-17. Elisha, mgonjwa wa kufa, aliweka mikono yake juu ya mikono ya mfalme, ndipo akamwambia apige mshale. Hakumpigia kelele kutoka kitandani. Nauli ya Macalder si kubwa. Jumapili ijayo nataka niwaone benchi moja.