Mtihani Humpima Nani?



Jumapili moja baada ya Ibada, mama mmoja wa mtaa wetu alitungoja chini ya mwembe na barua mkononi. Ilitoka shuleni kwa binti yake wa Darasa la Sita. Ilisema kwamba maendeleo ya mtoto hayaridhishi, na kwa hiyo shule yashauri arudie darasa mwakani. "Mwalimu," alituuliza, "wewe umefundisha miaka mingi. Hii ni haki?"

Tulimwambia atupe siku chache. Kwa kweli swali lile lilituchoma, na sababu tutaieleza hapo mbele.

Kwanza isidhaniwe kuwa sisi tu adui wa mitihani. Wako watu, hasa wale ambao watoto wao wamekwisha kufaulu, wapendao kusema kwamba mitihani ingefutwa tu. La hasha! Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa mwaka 1973. Katika mtihani wake wa Darasa la Saba mtoto wa mkulima wa muhogo na mtoto wa mkuu wa wilaya hufanya karatasi ile ile, siku ile ile, na msahihishaji haoni jina la baba wala kabila, bali namba. Mtaala nao ni mmoja, hata mtoto akihamishwa kutoka Newala kwenda Bukoba hakuti masomo mageni. Hili si jambo dogo. Mama auzaye mchele sokoni akiwa na kibaba kimoja kwa wateja wote, nani atamlaumu? Lawama huanza kibaba kinapobonyezwa kitako.

Tena bila kupima hatungejua ugonjwa wetu. Watafiti wa Uwezo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba nchini mwaka 2010, waliwapa watoto wa rika mbalimbali jaribio lile lile la kiwango cha Darasa la Pili. Walikutwa watoto wa Darasa la Saba wasioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili. Miaka saba shuleni! Jaribio lile halikumfelisha mtoto yeyote wala kumpandisha. Lilituonyesha tu sisi wakubwa mahali tulipo.

Hata hivyo, Mwalimu Nyerere alitutahadharisha mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alieleza kwamba mtihani wa karatasi hupima jinsi mtu anavyokumbuka mambo na kuyatoa kwa saa maalumu, lakini haupimi tabia yake wala moyo wake wa kutumikia wengine. Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi na maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yahesabiwe pia. Sisi tuliopita chuo cha ualimu baada ya hapo tulifundishwa hayo kwa bidii. Tuliyaandika katika madaftari, tukayajibu vizuri sana katika mtihani wa mwisho, tukapewa vyeti.

Tukafika kazini.

Mwaka 2013 ulipoanza mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, kila shule ya msingi ilipangiwa nafasi yake katika wilaya na katika taifa kwa kufuata matokeo ya Darasa la Saba, na shule zikatiwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Nia ilikuwa njema. Shule nyingi zilikuwa zimelala, na walimu wengine walionekana zaidi katika biashara zao kuliko darasani. Watafiti waliouchunguza mpango huo baadaye walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli. Lakini walikuta na jambo la pili: katika shule hizo hizo, idadi ya watoto waliofika kuufanya mtihani ilipungua.

Sisi hatukuhitaji watafiti kutuambia walikokwenda watoto hao. Katika shule tuliyokuwa tukifundisha wakati huo, tuliitwa kikaoni tukaambiwa tuorodheshe watoto wa Darasa la Sita "watakaotuangusha" mwaka unaofuata. Hakuna aliyetushika mkono. Tuliandika majina saba kwa mwandiko mzuri, kama tulivyofundishwa chuoni. Wazazi wakaitwa, wakaambiwa kwamba ni kwa faida ya watoto. Wakashukuru! Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo, kwamba walitushukuru.

Watoto saba wakarudia darasa. Hakuna aliyewafundisha kwa namna tofauti na ile iliyokwisha kushindwa. Mmoja wao, mvulana mpole, mwepesi sana wa kutengeneza baiskeli, aliacha shule kabla ya Pasaka. Leo ni kijana mwenye kibanda chake cha ufundi, na akituona huinuka na kutuamkia, "Shikamoo Mwalimu." Mara kwa mara hutuletea karatasi za mkopo tumsomee, kwa maana yeye hupotea katikati ya sentensi. Tumemsomea mara nyingi. Hatujamwambia kuhusu ile orodha.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Marekani shule huongozwa na bodi za wilaya za elimu, kila moja na mambo yake. Mwaka 2002 sheria mpya, iliyopewa jina la kutomwacha mtoto yeyote nyuma, iliamuru watoto wote wapimwe kusoma na hesabu kila mwaka tangu darasa la tatu hadi la nane, na ikaweka kwamba ifikapo 2014 wote wawe wamefikia kiwango. Shule zilizoendelea kushindwa zingeweza kubadilishiwa walimu au hata kufungwa. Katika jiji la Atlanta alama zikapanda ajabu, na mkuu wa elimu wa jiji akapewa tuzo ya taifa. Kisha uchunguzi wa mwaka 2011 ukaonyesha kwamba katika shule 44 walimu na wakuu wa shule wapatao 178 walihusika na udanganyifu: walifuta majibu ya watoto yaliyokosewa wakaandika ya kweli. Mwaka 2015 mahakama iliwatia hatiani watu 11.

Wengine huweza kusema kwamba angalau walimu wale waliwapa watoto alama, hawakuwanyima. Twaomba msomaji afikiri tena. Mtoto asiyejua kusoma, akiandikwa kuwa anajua, haitaji msaada tena machoni pa wakubwa. Wale wa Atlanta walifuta majibu, sisi tulifuta watoto wenyewe katika hesabu. Hatuoni tofauti kubwa. Pande zote mbili kibaba kilibonyezwa kwa faida ya mwuzaji.

Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Tulifurahi, ingawa matokeo ya kila shule bado hutolewa hadharani na wazazi hujipangia wenyewe nani wa kwanza. Nasi wazazi tu watu wa ajabu: twalalamika mtoto akipimwa kama gunia, kisha twauliza jirani, "Wako amekuwa wa ngapi?"

Tulimrudia yule mama siku ya Alhamisi, tukaenda naye shuleni. Tuliomba kumwuliza mwalimu wa darasa swali moja tu: mtoto huyu anarudishwa ili asaidiwe, au ili asihesabiwe? Mwalimu ni kijana, ana watoto 94 katika chumba kimoja. Alitazama chini muda mrefu. Kisha akasema, "Shikamoo Mwalimu," ingawa alikwisha kutuamkia tulipoingia.

Mama alikataa barua ile. Mtoto ataendelea Darasa la Saba, na huenda asifaulu. Tulimwambia mama hivyo waziwazi, naye akasema anajua. Siku za Jumanne na Ijumaa jioni binti huja barazani kwetu na kitabu cha Darasa la Tatu. Husoma polepole, akifuata maneno kwa kidole. Juzi alifika mwisho wa ukurasa bila kusaidiwa, akatuuliza kama twaweza kugeuza.