Tuwaonyeshe Wageni Nini Njoro?

Kongamano linapokaribia Chuo Kikuu cha Egerton, lazima mtu apewe kazi ya kuandika ukurasa wa kuwakaribisha wajumbe. Mengi yake ni mepesi. Chuo kiko Njoro, mwendo mfupi wa matatu kutoka Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Jioni kuna baridi, mgeni abebe sweta. Akipata nafasi, akawaone vifaru wa Ziwa Nakuru na shimo la Menengai. Kazi ngumu ni kueleza sisi ni nani.

Hapo huwa tunajificha nyuma ya tarehe. Twasema Lord Maurice Egerton alianzisha shule ya kilimo mwaka 1939 kwa ekari 740 za ardhi, kisha twaruka hadi 1987, Bunge lilipoifanya chuo kikuu. Tunaloliruka ni kwamba shule ile ilifunguliwa kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Mtoto wa kibarua aliyelima mashamba ya walowezi hakuhesabiwa. Mgeni aambiwe hili mapema, tena waziwazi, kwa sababu linatufundisha kwamba nia ya mwanzilishi haifungi maana ya alichokianzisha. Kasri la bwana huyo, lenye vyumba 52, leo ni mali ya chuo. Husimuliwa kwamba hakutaka mwanamke akanyage kwake. Siku hizi maharusi huenda huko kupiga picha.

Basi kama si mwanzilishi, maana ya mahali huletwa na nani? Jibu langu liko kwenye shamba la ngano.

Hapo hapo Njoro kuna kituo cha utafiti wa ngano, leo chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo nchini Kenya, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1927. Mwaka 1998 aina mpya ya kutu ya shina, ugonjwa wa ngano, iligunduliwa Uganda, ikaja kuitwa Ug99. Ilishinda kinga ambayo wakulima wa nchi nyingi walikuwa wameitegemea kwa miaka, na kwa kuwa vimelea vyake hupeperushwa na upepo, kufikia 2007 ilikuwa imefika Iran. Njoro ikawa mahali pa kuipimia. Mbegu hutumwa kutoka pembe nyingi za dunia, zikapandwa hapa makusudi zishambuliwe, ijulikane ipi itastahimili. Pitisha kidole kwenye shina lililougua, kitabaki na vumbi jekundu kama la tofali.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ni punje ya ngano, na wanaopona ni pamoja na watu wasioijua Njoro hata kwa jina. Sioni maelezo bora ya kazi ya elimu kuliko hayo: kukubali ugonjwa uje mlangoni kwako, uutazame kwa karibu, ili mkulima wa mbali avune. Chuo kinachopakana na kazi kama hiyo hakihitaji kujisifu kwa majengo.

Kwa hiyo ningepunguza hotuba za ufunguzi, wajumbe wapelekwe shambani asubuhi ya kwanza, umande ungalipo. Na katika fomu ya kujiandikisha, chini ya jina na nchi, ningeongeza swali moja: kwenu kunaugua nini?