Maumbile Hayakusema Hivyo

"Ndivyo alivyoumbwa mwanamke." Maneno haya nimeyasikia katika vikao vya kugawa mashamba huku Taita, Sagalla hadi Wundanyi. Mara nyingi msemaji ni mzee mwema, mcha Mungu. Binti ataolewa, kwa hiyo ardhi ibaki kwa wana wa kiume. Hiyo, asema, si amri yake bali ya maumbile. Ukimpinga, unaonekana unampinga Muumba.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Voi, na jibu zito kuliko yote niliyowahi kusikia lilitoka kwa mwanafunzi wangu. Aliandika shairi la tarbia juu ya ndovu wa Tsavo. Kundi la majike na ndama huongozwa na jike mzee. Madume yakibalehe hujitenga. Kiangazi kikikaza, jike huyo ndiye anayekumbuka yaliko maji. Kibwagizo chake kiliuliza: mbona nyanya yangu, anayekijua kila kisima cha Kasigau, hukalishwa nje kikao kikianza?

Hakutaja Katiba ya Kenya ya 2010, ingawa kifungu cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila za ardhi. Alimchukua shahidi wa mzee, yaani maumbile, akamhoji upya. Na shahidi huyo hakusema alichodaiwa kusema. Wataalamu waliofuatilia ukame wa 1993 kule Tarangire, Tanzania, waliona kwamba makundi ya ndovu yaliyotoka hifadhini kutafuta maji na malisho yalipoteza ndama wachache kuliko yaliyobaki, na kwamba akina mama wenye umri mkubwa walifaulu zaidi kuokoa ndama wao.

Tumezoea mashairi yanayomwita mwanamke ua au tunda, vitu vya kuchumwa. Ndovu hachumwi. Anatembea, anakumbuka, na wengine wanamfuata.

Lakini mtu atauliza: na simba je? Tsavo hiyohiyo, jike huwinda, dume likaja likajitwalia sehemu kubwa ya windo. Swali hili ni la haki, nami silikwepi. Ndovu akiwa sheria, simba naye ni sheria. Ndiyo maana naamini shairi lile halikututaka tuishi kama ndovu. Lilituonyesha kwamba Muumba hakufinyanga viumbe vyote kwa kalibu moja, na kwamba anayechagua mfano mmoja na kuuita amri ya Mungu, amechagua yeye. Binadamu amepewa akili. Atajibu kwa uchaguzi wake.

Na kama ni neno la Muumba tunalolitafuta, kanisani, kwenye harusi, tunasomewa Mithali 31. Sehemu ile ya mke mwema ni shairi la Kiebrania la beti 22, kila mmoja ukianza na herufi inayofuata ya alfabeti yao. Wahubiri hukaa sana kwenye taa isiyozimika usiku na mikono isiyochoka. Huupita haraka mstari ambamo mwanamke huyo analikagua shamba, analinunua, kisha anapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Tena shairi linafunga kwa kutaka kazi zake zimsifu langoni, mahali ambapo wazee wa mji walikaa kuamua mambo.

Basi ombi langu kwa wachungaji wetu na wazee wetu wa Taita ni hili: kabla ya kikao kijacho cha shamba, someni shairi hilo lote kwa sauti, mabinti wakiwa wameketi ndani.