Oili Mpya Juu ya Injini Iliyoungua



Wiki hii fungua Zaburi ya 32. Ni fupi, dakika mbili umeimaliza. Daudi anaeleza hali yake alipokuwa amenyamaza na dhambi yake. Mifupa inachakaa, anaugulia ndani kutwa nzima, nguvu zinakauka kama za mtu aliyepigwa na jua la kiangazi. Kisha anaamua kusema, na anaposema tu, anasamehewa. Tunapenda kukimbilia huo mwisho mzuri. Mimi leo naomba tukae kwenye ule muda wa kunyamaza, maana naona wengi wetu ndiko tunakoishi.

Nitawapa kisa cha Tibirinzi, hapa Chake Chake. Kulikuwa na mashine ya kukatia nyasi, zile za kukaa juu yake na kuziendesha kama trekta dogo. Kwetu Pemba si kitu cha kuonekana kila siku, watu tunafyeka kwa panga na maisha yanaendelea. Hiyo ilikuja kama mtumba, ikiwa imeshazeeka huko ilikotoka. Kijana mmoja aliajiriwa kuiendesha, na masika yakiingia, nyasi za kisiwa hiki si mnazijua, ukikata Jumatatu Ijumaa zimekurudia.

Siku moja mashine iligoma. Ikapelekwa kwa fundi, mzee wa Kiislamu anayetengeneza injini ndogo ndogo, za pampu, za boti, chochote kinachokohoa. Kijana akamwambia, "Babu, imezima tu yenyewe, haitaki kuwaka."

Mzee akaanza pale anapoanzia fundi yeyote. Akachomoa kijiti cha oili akakitazama: oili imejaa, safi, rangi ya asali. Akamwaga petroli iliyokaa tangini akatia mpya. Akafungua kabureta akaiosha yote. Akabadilisha plagi. Siku ya kwanza ikaisha, na ya pili nayo. Injini inakohoa mara mbili, inanyamaza. Akiizungusha kwa mkono inazunguka kirahisi mno, haina ule ukaidi wa injini yenye pumzi.

Siku ya tatu akafungua kichwa cha injini. Ukuta wa silinda ulikuwa umechanika mistari mirefu, pistoni imekwaruzwa, ringi zimeliwa. Hayo si maradhi ya kabureta.

"Mwanangu, injini hii ilikaukiwa oili?"

"Aa, babu, si umeona mwenyewe? Oili imejaa."

"Oili naiona. Naiona mpya mno."

Kijana akainama. Kweli ilikauka. Alisikia injini inagonga, akaona moshi, lakini alikuwa amebakiza kipande kidogo cha kiwanja akasema nimalize kwanza. Ilipozima ndipo alipokwenda kununua oili, akaijaza mpaka alama ya juu, akafuta na kopo la nje likang'aa. Aliogopa kufukuzwa kazi.

Ndugu yangu, huyo kijana namwelewa kabisa. Hakutukana wala hakuiba. Alichofanya ni kumpa fundi ukweli wa leo ili afiche wa juzi, na kila alichoonyesha kilikuwa cha kweli, maana oili ilikuwemo. Sisi hatufanyi hivyo? Mtu ana jambo moja zito, la simu yake usiku au la fedha za jumuiya au la binti aliyemwacha na mimba, halafu anajiunga na kwaya, anafunga Ijumaa, anasali rozari kila jioni. Hivyo vyote ni vyema! Lakini ukivimwaga juu ya silinda iliyochanika ili mtu asiulize, unakuwa umemfanya fundi aoshe kabureta siku mbili bure. Unakwenda kuungama unasema "nimekosa uvivu, nimesema uongo mdogo mdogo," unatoka, na injini bado haiwaki. Halafu unasema kitubio hakinisaidii.

Ndiyo maana Kanisa linatutaka tuungame dhambi za mauti kwa aina na kwa idadi, na limeandika hivyo katika Sheria ya Kanisa, kanuni ya 988. Wengine wanaona ni umbea wa kidini. Hebu mfikirie yule mzee na spana zake: angefanyaje kazi kwa neno "imezima tu"?

Najua pia kinachowazuia vijana wa huku. Sisi Wakatoliki wa Pemba ni wachache, padre anakujua sauti, anamjua mama yako, na Jumapili mtakunywa naye chai. Unawaza, atanitazamaje? Basi soma kanuni ya 983 ya Sheria hiyohiyo. Padre haruhusiwi kumfichua aliyeungama kwake, kwa neno wala kwa njia nyingine yoyote, wala kwa sababu yoyote ile. Hakuna "isipokuwa". Mjini ambako hakuna anayekujua kanuni hiyo unaweza usiione uzito wake. Hapa kwetu ni ukuta wa jiwe.

Turudi kwa mzee. Kijana aliposema yote, unajua alijibu nini? "Ungeniambia juzi tungeokoa siku mbili. Haya, nishikie hii." Akampa spana. Hakukuwa na hotuba.

Ikabaki kuamua, kutengeneza au kubadilisha. Silinda yenyewe ilikuwa ya aluminiamu, na kuichongesha ingekula fedha kuliko thamani yake. Mwenye mashine akasema anayo injini ya pampu ya maji, imelala tu nyumbani, ifungwe hiyo. Mzee akakataa. Injini ya pampu shafti yake imelala, inatokea ubavuni. Ya mashine hii inasimama, inatokea chini, ndiko inakovuta mkanda wa visu. Hata iwe na nguvu kiasi gani, haitazungusha kitu. Mimi hapo nilikumbuka zile video za kujihamasisha tunazotazama: amka saa kumi, oga maji baridi, jiamini. Zina nguvu, sikatai. Ila shafti yake inaelekea kwako mwenyewe, na visu viko kwingine.

Ikatafutwa injini yenye shafti ya kusimama, unene uleule, urefu uleule, ikapatikana Unguja ikaja kwa boti. Ikafungwa kwenye bodi ileile kuukuu. Na hapa nasoma Ezekieli, sura ya 36, mstari wa 26, Mungu anapoahidi kuutoa moyo wa jiwe na kutia wa nyama. Anasema atautoa. Hasemi ataulainisha. Daudi naye katika Zaburi ya 51, anapoomba moyo safi, anatumia neno la Kiebrania la "kuumba," lile ambalo katika Maandiko mtendaji wake huwa ni Mungu peke yake. Alishafika mahali pa kujua kwamba hapa hapachongeki. (Mfano wangu una kasoro: injini ya Unguja nayo ilikuwa mtumba. Mungu hatupi mtumba.)

Injini iliwaka. Kijana akapanda, akakata mstari wa kwanza, akageuka nyuma kutazama: nyasi zimelala, hazikukatika. Visu vilikuwa butu tangu zamani. Tairi moja nayo bado ilikuwa inapoteza upepo. Akamwangalia mzee kama mtu aliyedanganywa.

Hili ndilo linalowavunja moyo wengi baada ya kuungama. Umetoka umesamehewa kweli, halafu jioni mkono unaifuata simu ileile. Usikimbilie kusema neema haikuingia. Katekisimu, namba 1459, inafundisha kwamba maondoleo yanaondoa dhambi, lakini hayatengenezi madhara yote dhambi iliyoyaleta. Hayo yanabaki kufanyiwa kazi, kurudisha ulichochukua, kumwomba radhi uliyemuumiza, na malipizi uliyopewa na padre. Yule kijana hakufukuzwa. Alikatwa mshahara kidogo kidogo kulipia injini, na mzee akamfundisha kunoa visu kwa tupa, na kusoma kijiti cha oili kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Jumapili hii, Misa ikiisha, usisubiri tangazo. Mfuate padre mwambie, "Padre, naomba kuungama," na ukipiga magoti anza na lile ulilopanga kulitaja mwisho. Na katika sala zako mtaje yule mzee fundi. Si wa dini yetu, lakini mgongo unamsumbua, na bado anainamia injini za watu.