Dai Lako ni Lipi Hasa?

Masomo ya juma: Kutoka 26:15–30, Hesabu 7:1–9, 1 Wakorintho 4:7



Hema la kukutania la wana wa Israeli jangwani lilikuwa kitu cha kukunjwa. Tukisoma habari zake huwa tunakimbilia dhahabu na makerubi, tunairuka habari ya mbao, na hapo ndipo fundi angekaa muda mrefu kuliko sisi sote. Mbao 48 za mti wa mshita, kila ubao na ndimi zake mbili, kila ulimi umeingia katika kitako cha fedha: vitako 96. Kisha mataruma 15, fito za kuzifunga mbao pamoja, matano kwa kila upande kati ya pande tatu, na lile la katikati likipita toka mwisho huu hata mwisho ule. Yakiwa mahali pake, ukuta unasimama. Yakichomolewa, ukuta ni mbao tu zinazongoja kubebwa. Wingu la Bwana lilipoinuka juu ya hema watu walikunja, lilipotua wakakunjua. Hesabu sura ya 7 inatuambia mzigo huo ulikwendaje: magari sita na ng'ombe kumi na wawili. Walawi wa ukoo wa Gershoni, wenye mapazia, walipewa magari mawili. Wana wa Merari, wenye mbao na mataruma na vitako, walipewa manne. Wana wa Kohathi hawakupewa hata moja, kwa kuwa vyombo vyao vitakatifu vilikuwa vya kubebwa mabegani. (Sijawahi kumsikia mzee wa kanisa akijilinganisha na Kohathi siku ya kugawa usafiri.)

Nimeyafikiria sana mataruma hayo juma hili, na kilichonipeleka huko ni kitu kidogo: kitasa cha toroli la kukunja.

Sisi wa milima ya Manyovu, Kigoma, tunaujua mzigo. Kahawa, maharage, tangawizi, muhogo, vyote vinapanda au kushuka kwanza kabla ya kuiona barabara ya Kasulu. Kichwani, kwa baiskeli inayosukumwa, au kwa toroli alilochomelea fundi wa hapa hapa. Toroli la kukunja wengi wetu tumeliona kwenye simu tu. Ni fremu ya mabomba yanayopishana, sakafu yake turubai, na katikati ya sakafu upo mkanda. Ukiuvuta, magurudumu manne yanakutana na gari zima linakuwa furushi la kuweka nyuma ya mlango. Uzuri wake na hatari yake vinakaa mahali pamoja, maana viungo vile vile vinavyoliruhusu likunjike ndivyo vinavyoweza kuliangusha likiwa na gunia juu. Kwa hiyo kazi yote ngumu imeachiwa kitasa. Kinatakiwa kishike chenyewe gari likifunguliwa, kisiachie kwa mtikisiko wa njia ya mawe, na bado kimtii mama mwenye mtoto mgongoni anayekifungua kwa mkono mmoja.

Tuseme basi fundi wetu mmoja amebuni kitasa cha namna hiyo na anataka hataza, ile haki ya mvumbuzi kwamba kwa muda fulani mwingine asitengeneze wala kuuza kitu chake bila ruhusa. Kwetu Tanzania mambo hayo yako kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, chini ya Sheria ya Hataza ya mwaka 1987. Njia nyingine inapitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika lililoanzia kwenye Mkataba wa Lusaka wa 1976 na lenye makao yake Harare. Itifaki yake ya Harare ya 1982 inamwezesha mtu kupeleka ombi moja na kutaja humo nchi anazozitaka, na Tanzania imo katika itifaki hiyo tangu 1999. Mkaguzi akiridhika, nchi zilizotajwa zinaarifiwa, na kila moja ina miezi sita ya kusema kama hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake.

Mkaguzi anauliza mambo matatu. Je, ni kipya? Je, kina hatua ya uvumbuzi, au ni jambo ambalo fundi yeyote angelifikia bila kuumiza kichwa? Je, kinaweza kutengenezwa na kutumika?

Hilo la pili ndilo linalowatoa watu jasho. Ili kulijibu, wanasheria wamemuumba mtu wa kufikirika wanayemwita mwenye ujuzi wa fani. Mtu huyo anahesabiwa kuwa anajua kila kilichochapishwa duniani kuhusu kazi yake, kwa lugha zote, ila hana hata chembe ya ubunifu. Hajawahi kusema, "Je, tukijaribu hivi?" Nakiri nilicheka nilipokutana naye kwa mara ya kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimeshawahi kukaa naye kwenye vikao vya kanisa. Mkaguzi anamshika mtu huyu mkono, anamwonyesha toroli la zamani upande mmoja na, tuseme, meza ya kukunja upande mwingine, kisha anauliza kama yeye, jinsi alivyo, angechukua pini ya meza akaitia kwenye toroli. Kama angefanya hivyo, ombi linakwama. Mwombaji naye hujibu: hapana, pini ya ile meza hulegea mzigo ukiongezeka, yangu hukaza. Barua zinakwenda na kurudi. Barua ya kwanza ya mkaguzi mara nyingi ni ya kukataa, na wenye uzoefu hawalii wakiipata.

Lakini kilichonishika zaidi ni namna dai lenyewe, lile linalotaja kinachoombewa ulinzi, linavyoandikwa. Dai ni sentensi moja, hata ikijaa ukurasa. Katika ofisi nyingi, hasa za Ulaya, sentensi hiyo ikiweza hukatwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inataja vyote vilivyokuwapo kabla yako: toroli lenye fremu, lenye magurudumu manne, lenye sakafu inayokunjika, lenye mkanda wa kuvutia. Kisha yanakuja maneno ya kugawanya, "lenye sifa ya kwamba", na baada ya hapo tu ndipo unaruhusiwa kutaja cha kwako: pini inayoshuka yenyewe ndani ya tundu na kukazwa na uzito wa mzigo. Gari zima limekwenda kwa waliotangulia. Wewe umebaki na pini.

Paulo aliwauliza Wakorintho swali la namna hiyo hiyo, kwamba walikuwa na nini ambacho hawakukipokea. Kwa kuwa tumelizoea, halituchomi tena. Ofisi ya hataza inalichomoa kutoka katika mahubiri na kulifanya fomu ya kujaza.

Sasa niseme nilichokusudia kusema juma hili, nacho kinahusu ushuhuda wetu wa Jumapili. Tumekuwa watu wa kuanzia katikati ya sentensi. Ndugu anasimama, "Bwana Yesu asifiwe," kisha moja kwa moja ni yale aliyotendewa yeye: nilifunga, niliomba, nilipigana, nikashinda. Husikii habari za shangazi aliyemlipia ada. Husikii habari za mwalimu wa shule ya Jumapili, wala za jirani aliyemkopesha mbegu mwaka ule mvua zilipochelewa. Mkaguzi angeirudisha karatasi hiyo siku ile ile, kwa kuwa mtu amedai toroli zima.

Lipo kosa lingine ambalo sisi Waha wa milima hii, tuliolelewa kuona kujisifu ni aibu, tunalipenda zaidi, na tunalivika joho la unyenyekevu. "Mimi si kitu, sikufanya lolote, ni Mungu tu." Ni maneno mazuri, nami huyasema. Lakini aliyeandika ombi lenye sehemu ya kwanza peke yake, asitaje pini, hapati hataza, kwa maana hajadai kitu. Bwana wetu, katika mfano wa talanta, hakumsifu mtumwa aliyeirudisha talanta yake kama alivyopewa, ingawa yule angeweza kusema kwa kweli kabisa kwamba hakujichukulia hata senti. Neema haikuiondoa pini yako. Kitu ulichoongeza kipo, kina umbo, na una wajibu wa kukisema kwa ukubwa wake halisi. Dada aliyeamka saa tisa za usiku kuchota maji ya kanisa mwaka mzima asituambie hakufanya lolote. Alichota maji.

Mfano wa kusema hivyo ni Dk. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, aliyeshinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Alishinda kwa chujio la maji. Kuchuja maji kwa mchanga ni maarifa ya zamani sana, naye hakuficha kwamba mchanga umo. Alichoongeza ni chembechembe ndogo mno zinazoandaliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Sehemu zote mbili za sentensi zipo, na hakuna inayoionea aibu nyingine.

Katika hataza ipo pia kanuni moja kali. Ombi likishapokelewa unaweza kulipunguza, kulibana, kulifafanua. Kuliongezea jambo ambalo halikuwamo siku ile ya kwanza, huwezi. Nani kati yetu angebaki? Nimesikia ushuhuda ambao ulipoanza ulikuwa na mbwa, mwaka uliofuata akawa fisi, na sasa, kwa uvumilivu wa kusanyiko, ni simba. Homa ya siku tatu imekuwa ya miezi mitatu. Hatudanganyi kwa kusudi, ndugu zangu. Tunaongeza kwa kuwa tunaona pini yetu ni ndogo mno mbele ya watu.

Mkaguzi naye ana mpaka wake, na hapa nataka kukaa kidogo. Mwaka 1965 Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi aliyekuwa ameshughulikia magurudumu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire, aliomba hataza ya kigari cha mtoto cha kukunja. Binti yake alikuwa amesafiri na kigari kizito cha mjukuu, na mzee akatafuta namna ya kupunguza mateso hayo. Akatumia mabomba mepesi ya alumini na viungo vya kufunga na kufungua kama mwavuli. Kilikuwa kipya, kilikuwa na hatua ya uvumbuzi, kilitengenezeka. Vigari vya mtindo huo vimeenea duniani kote, na muda wa hataza yake umekwisha kitambo, kwa hiyo leo yeyote anaweza kuvitengeneza.

Lakini Novemba 2009 kampuni yenye jina lake ililazimika kutangaza huko Marekani wito wa kurekebisha vigari karibu milioni moja. Zilikuwa zimepokewa taarifa 12 za watoto waliokatwa ncha za vidole kwenye bawaba, wakati mtu mzima akikifungua kigari na mkono wa mtoto ukiwa pale. Dawa iliyotolewa ilikuwa vifuniko vya kuvishwa kwenye bawaba hizo.

Ofisi ya hataza haikukosea. Haikuwa kazi yake kuuliza kidole cha mtoto kitakuwa wapi. Inapima kama jambo ni jipya na la akili, na mambo mengi mapya na ya akili hupita mlangoni kwake salama kabisa. Paulo, katika barua hiyo hiyo kwa Wakorintho, sura ya 3, anautaja ukaguzi mwingine ambao moto ndio utakaoijaribu kazi ya kila mmoja. Huko hatutaulizwa kama tulikuwa wa kwanza. Mafundi wetu wa kuchomelea walisome hili bila hofu. Kuna vyuma vinavyotoka mikononi mwao kila siku ambavyo havitapata hataza popote, kwa kuwa kila mtu anavijua, lakini kingo zake zimepigwa msasa ili zisimchane mtoto wa mteja. Hizo dakika za msasa hakuna ofisi inayoziandika.

Na wale mnaobuni kweli, neno la kidunia kidogo. Ukikionyesha kitu chako kwenye maonyesho ya Nanenane, au kukirusha kwenye simu, kabla ya kupeleka ombi, unaweza kuwa umeua upya wake kwa mkono wako mwenyewe. Peleka ombi kwanza. Pia ujue kwamba hataza haimlindi mwenye siri. Unatakiwa ueleze kitasa chako waziwazi kiasi kwamba fundi mwenzako akisoma aweze kukitengeneza. Ulinzi ni malipo ya kule kueleza. Bezaleli mwana wa Uri alipojazwa roho ya hekima kwa kazi ya hema, Kutoka 35:34 inasema yeye na Oholiabu walitiwa pia moyoni uwezo wa kufundisha. Nawajua mafundi wanaogeuka ukutani wakifikia hatua muhimu ya kazi, ili kijana wao wa kujifunza asione. Kijana huyo atakaa karakana miaka minne na kuondoka bila kujua kwa nini pini inashika.

Jumapili ijayo kipindi cha ushuhuda kitakuwepo baada ya tangazo la sadaka, kama kawaida. Nimekubaliana na wazee kwamba kila atakayesimama ataanza kwa kutaja jina la mtu mmoja aliyemfundisha, aliyemlisha au aliyembeba, ndipo aendelee na la kwake. Wenye majina zaidi ya matano wamwone katibu mapema, maana ibada ya pili inaanza saa nne na nusu.