Yosefu Alikuwa na Miaka 17: Wivu na Kutengwa Shuleni



Vijana wapendwa, leo tufungue Biblia, Mwanzo sura ya 37. Habari ya Yosefu wengi tunaijua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza: kanzu nzuri, ndoto, shimo, safari ya Misri. Lakini kwenye aya ya 2 kuna jambo dogo ambalo huwa tunaliruka. Biblia inataja umri wake. Alikuwa na miaka 17. Kwa mfumo wetu wa shule huyo ni mtu wa kidato cha tatu au cha nne. Kwa hiyo hii si habari ya wazee wa kale wenye ndevu ndefu tu. Ni habari ya kijana wa rika lako aliyechukiwa na watu waliokula naye na kulala naye, mpaka siku moja wakakaa kikao cha kumuua.

Tuisome taratibu, maana mambo yanayotokea mabwenini leo yamo humo, hatua kwa hatua.

Ilianza na salamu

Aya ya 4 inasema ndugu zake walipoona baba anampenda yeye kuliko wao, walimchukia, hata wakawa hawawezi kuzungumza naye kwa amani. Ona hapo. Bado hakuna shimo, hakuna kisu, hakuna damu. Kuna salamu tu iliyokatika. Sisi leo tunaita kumchunia mtu. Anaingia darasani, watu wananyamaza. Anakaa mezani bwaloni na sahani yake ya ugali na maharage, wengine wananyanyuka. Kundi la WhatsApp la darasa yumo, ila kuna jingine ambalo hayumo, na humo ndimo anamosemwa.

Hatua ya pili iko aya ya 19. Wanamwona anakuja kwa mbali, na hakuna anayemtaja kwa jina. Wanamwita mwota ndoto. Jamani, jina la utani! Mtu akishapoteza jina lake midomoni mwenu, kumfanyia ubaya kunakuwa rahisi, kwa sababu si Yosefu tena, ni "yule".

Hatua ya tatu, wanamvua kanzu. Na hapa angalia vizuri: hakuna hata mmoja aliyeivaa. Waliichovya kwenye damu ya mbuzi, wakampelekea baba yao. Hapo ndipo kijicho kinapotofautiana na hamu ya kawaida. Mwenye hamu anataka na yeye apate kama wewe. Mwenye kijicho anataka wewe ukose, hata kama yeye hapati kitu. Ndiyo maana Kanisa linakihesabu kati ya vichwa vya dhambi, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2538 hadi 2540) inafundisha kwamba humo huzaliwa chuki, masengenyo, uzushi na ile furaha mbaya ya kumwona mwenzako anaanguka.

Hatua ya nne inatisha kuliko zote. Aya ya 25: wakaketi kula chakula. Ndugu yao yuko shimoni, wao wanakula! Na ukitaka kujua ilikuwaje pale, ruka mpaka sura ya 42, aya ya 21. Miaka mingi imepita, na wanakiri wenyewe kwa wenyewe kwamba waliiona dhiki yake alipokuwa akiwasihi, wasimsikilize. Yaani alikuwa analia wakati wanakula. Hivi si ndivyo inavyokuwa mtu anapopigwa usiku kule vyooni, bweni zima linasikia, na kila mmoja anajifunika shuka?

Kidonda cha kweli

Lakini tusiwaonee ndugu zake. Maumivu yao hayakuwa ya kuzua. Yakobo alimpendelea mmoja waziwazi, mbele ya wote. Yosefu naye alikuwa akipeleka kwa baba habari zao mbaya, tena akawasimulia ndoto za wao kumwinamia. Kuna mtu angefurahi?

Na wewe inawezekana una kidonda cha kweli. Mwalimu anamsifu yuleyule kila siku. Siku ya wazazi mwenzako anashushiwa mfuko wa vitu vizuri, wewe unakaa dirishani mpaka jioni na hakuna aliyekuja. Matokeo yamebandikwa ubaoni, jina lako liko chini kabisa. Kundi ulilokuwa nalo tangu kidato cha kwanza limekutoa bila kukuambia kosa lako. Hiyo inauma. Na kuumia si dhambi.

Kaini naye aliumia (Mwa 4). Sadaka ya mdogo wake ilipokelewa, yake haikupokelewa, uso ukamkunjamana. Sasa tazama wema wa Mungu: hakusubiri mpaka damu imwagike ndipo aje. Alikuja kabla. Alimwuliza Kaini mbona amekasirika, akamwonya kwamba dhambi inamvizia mlangoni, na kwamba yeye anaweza kuishinda. Kaini hakujibu hata neno moja. Badala ya kumjibu Mungu, akaenda kuzungumza na Abeli, wakatoka kwenda kondeni. Tunajua kilichofuata. Kabla ya mkono wake kuua, mdomo wake ulikuwa umekataa kusema, "Baba, naumia."

Kwa hiyo naomba niseme na kijana mmoja anayesoma hapa. Pengine umetukanwa muda mrefu, umechekwa, umepigwa, na sasa umepanga. Pengine kuna kitu umekificha chini ya godoro au ndani ya tranka, unasubiri siku. Ndugu yangu, dada yangu, hiyo ndiyo saa ya Kaini, na Mungu ameshafika mlangoni pako. Hasira hasara. Ukimchoma yule, utakuwa umemaliza kicheko chake kwa dakika moja, halafu ubaki na uso wake maisha yako yote. Kitoe hicho kitu leo. Kimpe mtu unayemwamini, au kitupe mbali, kisha uongee. Nenda kwa patroni au matroni, kwa padre, kwa mlezi wa TYCS, kwa mama yako. Tanzania na Kenya kuna namba ya simu ya kuwasaidia watoto, 116, hailipiwi. Usinyamaze kama Kaini.

Binti wa Lisieux

Kuna mtakatifu tunayemjua sana kwa maua ya waridi, lakini wachache wanajua aliteseka shuleni. Ni Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Mwaka 1881, akiwa na miaka 8, alipelekwa shule ya Masista Wabenedikto pale Lisieux, Ufaransa. Aliwekwa darasa moja na wasichana wakubwa kuliko yeye, na akawa anawapita masomoni. Mmoja wao, wa miaka kama 13 au 14, aliona katoto haka kanaongoza na kanapendwa na masista, akashikwa na wivu. Akamwandama kwa visa vya kila namna. Teresia hakujua kujitetea. Alilia kimyakimya. Baadaye aliandika kwamba miaka ile mitano ya shule ilikuwa ya huzuni kuliko yote maishani mwake.

Angeweza kutoka pale na moyo wa jiwe. Aliondoka shuleni mwaka 1886, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 14, alisikia habari za Henri Pranzini, mtu aliyehukumiwa kifo kwa kuua watu watatu Paris, mmoja wao mtoto. Ufaransa nzima ilimchukia. Teresia akaanza kumwombea, akamwona kama mtoto wake wa kwanza wa kiroho. Pranzini aliuawa kwa kukatwa kichwa tarehe 31 Agosti 1887, na dakika ya mwisho aligeuka akaubusu msalaba. Unaona? Binti aliyeonja ubaya wa wenzake hakujifunza ubaya. Alipoandika habari za yule msichana aliyemsumbua, aliandika bila sumu, akiuita wivu wake kitu cha kusameheka kwa mwanafunzi.

Ila tuelewane. Kusamehe si kumruhusu mtu aendelee kukupiga. Baba yake Teresia alimtoa shuleni alipoona anaugua, akamtafutia mwalimu wa kumfundisha pembeni. Kutoa taarifa si umbea, na kuomba kuhamishwa bweni si woga. Unaweza kumsamehe mtu asubuhi na mchana ukamwambia mwalimu alichokufanyia.

Nia njema ya Reubeni

Na wale tusiopiga wala kupigwa, tunaoangalia tu? Kaka mkubwa, Reubeni, hakutaka Yosefu afe. Aliwashauri wamtupe shimoni, akiwa na mpango wa siri wa kurudi kumtoa. Mpango mzuri. Aliwaambia wenzake wasimwue, lakini mpango wa kumwokoa aliuficha. Aliporudi, shimo lilikuwa tupu. Yosefu ameshauzwa kwa vipande 20 vya fedha. Reubeni akararua nguo zake, na kurarua nguo hakukumrudisha mtu.

Wangapi tuko hivyo? Rohoni tunamhurumia anayetengwa, tunapanga kumsalimia wakati wenzetu hawaoni. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, hakufanya kwa siri. Wenzake shuleni walipomcheka mwenye ulemavu, yeye alisimama upande wa anayechekwa, mchana, mbele ya watu. Mtoto wa kompyuta na mpira, kama wewe. Ujasiri wake aliuchota kwenye Ekaristi aliyoipokea kila siku.

Mtihani wa Benyamini

Sasa twende mwisho wa habari, maana hapa ndipo penye tumaini. Njaa imewaleta ndugu Misri. Yosefu ni mkubwa wa nchi, hawamtambui. Anawaandalia karamu, na kwenye sahani ya Benyamini, mdogo wao, anaweka fungu linalozidi ya wengine mara tano (Mwa 43:34). Kwa nini? Ni mtihani uleule umerudi! Mdogo anapendelewa tena mbele yao. Je, watanuna? Biblia inasema walikula na kunywa naye kwa furaha.

Kisha Benyamini anakamatwa kwa kikombe, atabaki mtumwa. Na anayesimama kumtetea ni nani? Yuda. Yuleyule aliyetoa wazo la kumuuza Yosefu. Anasema baba yake anampenda sana kijana huyu, kwa hiyo amwache arudi, na yeye abaki utumwani badala yake. Zamani upendo wa baba kwa mtoto mwingine ulimfanya auze mtu. Leo upendo uleule unamfanya ajitoe yeye. Hicho ndicho kinaitwa kuongoka.

Hapo Yosefu akashindwa kujizuia, akalia kwa sauti. Akawabusu wote. Na sura ya 45, aya ya 15, inamalizia kwamba baada ya hayo ndugu zake wakazungumza naye. Kumbuka pale mwanzo: hawakuweza kuzungumza naye kwa amani. Ile salamu iliyokatika imerudi.

Yote haya yanatupeleka kwa Yesu. Injili ya Mathayo (27:18) inatuambia Pilato alijua kabisa kwamba walimtoa kwa sababu ya husuda. Bwana wetu alichekwa, akavuliwa nguo, akaachwa na rafiki zake. Naye akawaombea msamaha. Kwa hiyo wewe unayetengwa, ukipiga magoti mbele ya Tabernakulo, uko mbele ya mmoja anayejua. Na wewe mwenye wivu, yeyote uliyemtesa, Yesu anasema ulimtesa yeye, na bado anakusubiri kwenye kitubio.

Tufanye nini wiki hii?

Kwanza, mtaje mbele ya Mungu yule unayemwonea wivu, kwa jina lake la kweli, si la utani. Mshukuru Mungu kwa kipaji kimoja alichompa. Siku ya kwanza utaona kama unameza mwiba. Endelea.

Pili, msalimie mtu mmoja anayechuniwa. Kaa naye mezani, si kwa siri.

Tatu, nenda ukaungame. Usiseme tu "nilikuwa na wivu." Sema ulichofanya: uzushi ulioueneza, picha uliyoituma, mlango uliomfungia mtu. Halafu, kama uliharibu jina la mtu, nenda ulirudishe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tuombe. Ee Yesu uliyekataliwa na walio wako, uponye moyo unaouma usije ukaumiza. Utupe macho ya kufurahia mema ya wenzetu, na ujasiri wa kumtoa ndugu shimoni kabla hajauzwa. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, utuombee. Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee. Amina.